Ufunguo Kwenye Msumari

Kama nyumbani kwako kuna mtu aliyejiandikisha zimamoto ya kujitolea, ipua kwanza sufuria, zima jiko, halafu ukae uisome hii mpaka mwisho. Haina maneno magumu. Ni habari ya nyumba moja, simu moja, na ufunguo uliokuwa unaning'inia kwenye msumari siku ambayo watu waliuhitaji kuliko kitu kingine chochote.

Ilikuwa Jumanne, saa nne na nusu asubuhi. Mama mwenye nyumba alikuwa ameketi sebuleni anashona vifungo vya shati la kazi la mwanawe. Mwanawe mwenyewe alikuwa chumbani amelala. Kazi yake ilikuwa ya usiku, kwenye kiwanda cha mikate. Anaingia jioni, anatoka asubuhi na unga kwenye nyusi, anakunywa chai, anajitupa kitandani kama gunia. Mkewe alikuwa amempeleka mtoto kliniki. Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba mama alimsikia mwanawe akikohoa usingizini, na kila akikohoa, sindano ilisimama.

Kikohozi hicho ndicho kilichokuwa kinamla mama. Wiki tatu nyuma ghala la magodoro lilikuwa limeungua, na mwanawe, ambaye kazi yake kwenye kikosi cha zimamoto ya kujitolea ni udereva, aliacha usukani akaingia ndani kumvuta mlinzi. Alirudi nyumbani macho mekundu, akatema makohozi meusi siku mbili. Daktari alimwambia apumzike. Mama alimwomba aache kabisa hayo mambo ya moto, yeye akacheka, akasema mbona anashika usukani tu. Mama akaenda kumwaga beseni la makohozi.

Kikosi chenyewe kilikuwa cha watu wa kawaida. Mkuu wao alikuwa fundi bomba. Kulikuwa na muuza viatu, mwalimu wa michezo, fundi makochi, na kinyozi ambaye kibanda chake kilitazamana na banda la gari la zimamoto. Gari lilikuwa moja, la zamani, la kupewa. Aliyepokea habari za moto alikuwa mwanamke mwenye duka la madaftari jirani na banda, na kwa kuwa sauti yake haikuhitaji kipaza sauti, mji mzima ulimwita Kengele. Moto ukitokea, Kengele anafungua daftari lake, anapiga simu kuanzia jina la juu. Ukijibu naja, anaweka tiki anaendelea na mwingine. Ukijibu siwezi, anaweka msalaba, anamtafuta wa kushika nafasi yako. Mambo yake ni mafupi, hana muda wa kukuuliza umeamkaje.

Madereva walikuwa wawili, yule wa mikate na yule kinyozi, na ufunguo ulikuwa mmoja. Ulibadilisha mikono kila Jumapili. Wiki hiyo ulikuwa nyumbani kwa mama, kwenye msumari kando ya mlango, umefungwa uzi mwekundu.

Simu ya kijana ilikuwa mezani inachajiwa. Ilipoita, mama aliinuka haraka kabla haijamwamsha. Aliona ni Kengele. Alisimama nayo mkononi, inatetemeka kama kitu chenye uhai, na mawazo yakampita yote kwa pamoja. Akisema amelala, Kengele atasema mwamshe. Akisema hawezi, watakuja kuchukua ufunguo, watabisha hodi, ataamka, na akishaamka hakuna wa kumzuia. Mama hakutaka hili wala lile. Alitaka simu inyamaze.

"Anakuja," akasema.

Kengele akasema haya, akakata.

Neno lenyewe tumelizoea mno, tuseme ukweli. Fundi ukimpigia anakwambia yuko njiani, na unasikia kabisa kijiko kinagonga kikombe. Mgeni anasema amefika kona, kumbe bado anaoga. Sisi wenyewe tunawatuma watoto mlangoni waseme mama anakuja, na mama wala hajavaa. Hatuoni kuwa ni uongo. Tunaona ni adabu. Ndivyo mama alivyoliona siku hiyo, neno la kumpa mtu ili aende zake.

Alibonyeza kitufe mpaka simu ikazima, akaitia ndani ya kopo la biskuti analowekea nyuzi, akafunika. Aliporudi kuketi macho yake yakaenda kwenye msumari. Akajiambia gari gani hilo lenye ufunguo mmoja, lazima wana mwingine. Na kinyozi yupo pale pale. Wanaume wazima watashindwaje kuwasha gari? Akaokota shati, akaendelea na kifungo cha tatu.

*

Pale bandani walishafika wanne ndani ya dakika tano. Walikuwa wamevaa makoti na kofia, milango iko wazi, tangi limejaa maji, mipira imekunjwa vizuri. Moshi ulikuwa unaonekana nyuma ya paa za soko, mweusi, umesimama wima kwa kuwa hapakuwa na upepo. Aliyepiga simu alikuwa amesema ni nyuma ya duka la fundi redio, mzee mwenye mguu mbaya ambaye watoto wote wanamwita Babu Redio, na kwamba hajaonekana nje.

Kinyozi alivuka barabara na mashine mkononi, amemwacha mteja na kichwa nusu. Aliuliza mbona wamesimama. Wakamwambia dereva anakuja. Akauliza kasema mwenyewe? Kengele akajibu kutoka dukani kwake kwamba nyumbani kwa dereva wamesema anakuja. Basi kinyozi naye akasimama, akatazama barabara kama wenzake.

Hapo ndipo ninapotaka tuelewane. Wale watu hawakuwa wazembe. Kutoka bandani mpaka nyumbani kwa dereva ni dakika nne kwa baiskeli, na yeyote kati yao angeweza kwenda kuuchukua ufunguo. Lakini mtu anayekuja hafuatwi. Kila dakika iliyopita ilifanya ile inayofuata ionekane ndiyo yenyewe, kwamba sasa hivi atatokea pale kwenye kona anakimbia, na atakayemfuata watapishana. Kengele alipiga tena, simu imezimwa. Mkuu akasema labda chaji imemwishia, yuko njiani. Mwalimu na fundi makochi wakachukua ndoo wakaenda kwa miguu. Waliobaki wakaendelea kutazama kona.

Dakika ya kumi na mbili kinyozi alitupa mashine yake kwenye kiti cha gari, akapanda baiskeli ya muuza viatu.

*

Mama alisikia baiskeli ikiangushwa uani. Alifungua mlango kabla hajabisha, akiwa bado na uzi mdomoni.

"Yuko wapi?" Kinyozi alikuwa anahema.

"Amelala."

"Amelala? Mama, si umesema anakuja?"

Mama alirudi nyuma hatua mbili, mpaka penye kopo la nyuzi. Nyuma yake mlango wa chumbani ulifunguka, na mwanawe akatoka kifua wazi, alama ya mto bado iko shavuni. Alimtazama kinyozi. Akatazama meza, waya wa chaja unaning'inia hauna kitu. Akamtazama mama yake, ambaye mkono wake mmoja ulikuwa umekaa juu ya kopo la biskuti kama mtu anayezuia kifuniko kisipeperuke.

"Mama aliniamsha," alisema. "Nikamwambia naja, nikapitiwa na usingizi. Kosa langu."

Akanyakua ufunguo msumarini, akaondoka bila shati wala viatu, amekaa nyuma ya baiskeli na kinyozi akikanyaga. Mama alibaki mlangoni. Msumari ulikuwa mtupu, na kipande cha uzi mwekundu kimekwamia pale.

Moto wenyewe haukuwa mkubwa. Hilo ndilo lililowauma zaidi watu wa kikosi. Gari lilipofika waliuzima kwa dakika saba, tangi halijapungua hata nusu. Lakini kwenye chumba cha Babu Redio vitu vilivyoungua vilikuwa plastiki na waya, na moshi wake ni mbaya; mwalimu na fundi makochi na ndoo zao walikuwa wameshindwa kuupenya. Walimkuta sakafuni hatua mbili kutoka mlangoni, hana hata lengelenge moja mwilini. Alhamisi alifariki hospitalini.

*

Kikosi kilikaa Ijumaa. Mkuu alisema hana la kuongeza, mtu akilala akiwa na ufunguo hawezi kuachiwa ufunguo. Dereva aliuweka mezani mwenyewe. Walimwuliza kama ana neno, akasema hana.

Muuza viatu, ambaye kwa kawaida ni mtu wa kuchekesha watu, alimpa jina kabla kikao hakijaisha. Dereva wa Godoro. Jina zuri huwa halihitaji miguu. Jioni hiyo lilikuwa limeshafika kiwandani, na aliyekuwa akikanda naye unga miaka sita alimwuliza kama amwekee gunia la kulalia. Jumamosi asubuhi mkewe alikuwa bombani na ndoo zake, wanawake wakanyamaza alipofika, halafu mmoja akasema kwa upole sana, shoga, mumeo anaendeleaje na usingizi? Alirudi na ndoo moja, ya pili akaiacha pale pale. Aliingia jikoni akamwambia mama mkwe wake kwamba haelewi. Kwamba mume wake akiguswa tu bega anaruka. Kwamba miaka minane hajawahi kumwita mara mbili.

"Labda ni uchovu," mama akasema, akageuka kukoroga sufuria isiyokuwa na haja ya kukorogwa.

Mkwe alimtazama mgongo kwa muda. Alikuwa mtu mwenye heshima, na heshima wakati mwingine inatuziba midomo mahali ambapo ingefaa tuifungue.

Siku hiyo hiyo mchana walimzika mzee. Kikosi kilienda chote. Dereva alisimama nyuma kabisa, na mama yake kando yake, kwa kuwa alikuwa amekataa kubaki nyumbani. Watu walipoanza kutawanyika, binti wa marehemu, karani, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alipita katikati ya watu mpaka akafika walipo. Hakupandisha sauti. Alimtazama yule kijana usoni kama mtu anayesoma fomu iliyojazwa vibaya.

"Nataka kujua kitu kimoja tu," alisema. "Uliota nini?"

Kijana aliinamisha kichwa. Yule binti alisubiri jibu kweli, kwa muda mrefu, kisha akavua miwani akaifuta, akaondoka. Mama alikuwa amesimama karibu kiasi cha kumgusa mkono.

*

Waliporudi, kijana aliketi uani akaanza kusugua buti zake za kikosi, ingawa sasa hakuwa na pa kuzivaa. Mama alimfuata akasimama na beseni tupu kiunoni ili aonekane ana shughuli.

Kijana ndiye aliyeanza, bila kuinua macho.

"Simu niliikuta kwenye kopo la nyuzi, mama. Jumanne ile ile."

Mama aliteremsha beseni. "Ukanyamaza."

"Mimi watanicheka watachoka. Wewe wasingekusahau."

"Niliogopa utakufa. Unakohoa mpaka ukuta unasikia."

"Najua."

"Ningesema huwezi, wangekuja kubisha. Ungeamka. Ungeenda."

Kijana aliacha kusugua. Ilikuwa kama analitafuta neno lisiloumiza, na hakuliona.

"Ungewapa ufunguo dirishani, mama. Mimi nisingegeuka hata upande."

Ni hilo tu. Mama aliketi chini pale pale alipokuwa, kwenye saruji, miguu imenyooka mbele kama ya mtoto. Alikuwa amefikiri mambo mengi asubuhi ile na simu mkononi, mambo ya hospitali na jeneza na mjukuu asiye na baba. Dirisha hakulifikiria. Kinyozi angefika dakika ya nne, angenyoosha mkono, angeshukuru, angeondoka. Mwanawe angelala mpaka saa tisa. Na mzee angekuwa anawagombeza watoto wasiguse redio zake.

Kijana alitaka kumwinua, mama akakataa. Alimwambia amwache kidogo.

*

Jumapili kikosi huwa kinaosha gari na kukausha mipira. Walipomwona mama anakuja amevaa nguo yake ya kutokea, walidhani amekuja kumwombea mwanawe. Mkuu alifuta ndoo moja akaipindua ili akae. Muuza viatu alisema kwa sauti ya chini kwamba leo tumeletewa mzazi kama shuleni, mmoja akacheka puani.

Mama hakukaa. Alisimama mbele ya gari, mikono imeshikana.

"Mwanangu hakuniambia naja. Sikumwamsha. Nilisema mimi kwa kinywa changu, halafu nikazima simu nikaificha. Alilala kwa kuwa hakuna aliyemwita. Alidanganya kwa ajili yangu."

Maji yaliendelea kudondoka kwenye mpira uliotundikwa. Muuza viatu aliinama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Kinyozi alimtazama mama na uso wake ukabadilika, maana alikumbuka ule mkono juu ya kopo, na jinsi alivyouona na asiulize.

Kengele alikuwa amesimama mlangoni pa duka lake, kasikia kila neno. Aliingia ndani akatoka na daftari, akalifungua ukurasa wa Jumanne, akaweka kidole.

"Hii tiki niliiweka mimi," alisema, na kwa mara ya kwanza watu walilazimika kutega sikio kumsikia. "Nilisikia sauti ya mwanamke, nikaweka tiki ya dereva. Miaka yote nimekuwa nikifanya hivyo. Wake zenu, mama zenu, watoto wenu. Naandika tu."

Walikaa palepale bila kupangiwa kikao. Mkuu alitoa amri ambayo mpaka leo iko, kwamba tiki ni kwa sauti ya mwenyewe na si ya mtu mwingine awaye yote. Akipokea mwingine, ni msalaba, na Kengele anaendelea. Wakakubaliana pia kuchonga ufunguo wa pili, ukae dukani kwa Kengele. Walipomaliza hakuna aliyejua pa kutazama, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa dogo sana na lingeweza kufanywa mwaka juzi.

Kuhusu kijana, Mkuu alisema hamwiti tena mzembe, lakini amekidanganya kikosi, na kikosi kinahitaji kumwamini mtu mwenye usukani. Miezi mitatu atavuta mpira kama wengine. Mama alisema ni haki.

Kutoka pale alikwenda kwa binti wa marehemu. Alibisha mwenyewe, akasema mwenyewe. Yule binti alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, mkono kwenye kitasa. Mama alipofika mwisho, binti alimwuliza kama amemaliza. Mama akasema amemaliza. Mlango ulifungwa taratibu, bila kishindo, na mama aliusikia ukifungwa kwa majuma mengi.

Bombani sasa walimsema yeye. Mkwe wake alikuwa ndiye anayechota maji, na siku moja alirudi na ndoo zote mbili zimejaa, akazitua, akasema hapana mtu atakayemsema mama yake mbele yake bila kujibiwa. Mama alimwambia awaache. Waliyokuwa wakisema yalikuwa kweli.

*

Mwezi wa nne tangu hapo ufunguo ulirudi kwenye msumari. Kikohozi kilikuwa kimepungua, si kuisha. Mchana mmoja, kijana amelala, mkwe yuko sokoni, simu iliita mezani.

Mama aliishika. Ilitetemeka mkononi kama siku ile. Angeweza kuiacha iite mpaka ikatike, Kengele angeweka msalaba, kinyozi angechukua ule ufunguo wa pili, na gari lingeondoka. Hilo lilikuwa linaruhusiwa sasa. Hakuna ambaye angekufa kwa hilo, na hakuna ambaye angemlaumu.

Lakini kikosini aliyejiandikisha si yeye.

Alisukuma mlango wa chumbani. Mwanawe alikuwa amelala kifudifudi, unga mweupe nyuma ya sikio, mdomo wazi kama alivyokuwa akilala akiwa na miaka mitano. Mama alisimama pumzi moja tu. Kisha akainama, akamgusa bega.

"Amka, mwanangu. Wanakuita."

Aliruka kabla neno halijaisha. Akachukua simu, akasema naja, kwa sauti yake mwenyewe. Alipofika mlangoni anavuta buti, mama alikuwa ameshautoa ufunguo msumarini na kumnyooshea, asipoteze hatua. Hawakuagana. Alisikia nyayo zake zikikimbia, na baada ya muda king'ora cha gari kikapita barabara ya juu, kikazunguka kona, kikafifia.

Mama alirudi kuketi. Aliokota shati lililokuwa linasubiri kifungo, akalowesha uzi kwa ulimi, akaunyoosha kwenye mwanga wa dirisha. Alijaribu mara nyingi. Tundu la sindano alikuwa analiona vizuri kabisa, lakini uzi ulikataa kuingia.